Barua kwa mwanangu kuhusu kapu la wiki

Mwanangu,

Umeniuliza kipi ni nafuu: kununua vitu vya wiki nzima kwa mkupuo, au kupita dukani kila siku na kuchukua kinachotakiwa siku hiyo tu. Ukaongeza kwamba mkwe wangu anataka mkupuo, wewe hutaki, na kwamba barua yangu ataonyeshwa. Vizuri, na aisome.

Mimi nauliza lingine kwanza. Wiki iliyopita mlitupa nini? Usiniambie hamtupi. Kila nyumba inatupa: maziwa yaliyosahaulika nyuma ya jokofu, mboga zilizolainika ndani ya mfuko, wali wa juzi uliofunikwa vizuri hadi ukaharibika. Msemo wangu unaujua, maana wewe na kaka yako mlikuwa mkiniigiza mezani mkidhani sisikii: chakula ghali ni kile kisicholiwa. Kaka yako alinicheka hadi mwaka juzi, aliponisomea mwenyewe ripoti ya Umoja wa Mataifa kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Si madukani wala hotelini, majumbani. Nilimwomba asome tena, polepole.

Sasa huo mkupuo. Ule mkebe wa maziwa ya unga, wewe ulikuwa mdogo mno kuukumbuka, lakini najua umesimuliwa, na najua umesimuliwa upande wa baba yako. Tulikuwa dukani, yeye anasukuma toroli, shangazi yako yuko nasi. Mkebe wa gramu 900 umebandikwa karatasi nyekundu ya ofa. Pembeni yake kuna mikebe midogo ya gramu 450, aina ile ile, haina karatasi yoyote. Nikatoa penseli kwenye pochi, nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya zamani. Midogo miwili ilikuwa bei ya chini kuliko mkubwa mmoja. Nikamwonyesha. Baba yako akaichukua risiti, akairudia hesabu yeye mwenyewe, akasema, "Kweli kabisa." Kisha akauchukua ule mkubwa na kuuweka kwenye toroli! "Nyumba yenye watoto," anasema, "inataka mkebe mkubwa."

Angebisha hesabu ningeelewa. Shangazi yako akacheka hadi watu wakageuka: "Wifi naye na penseli yake!" Tangu siku ile, kwenye kila shughuli ya ukoo, mimi ni Mama Penseli. Watoto waliozaliwa juzi wananiita hivyo na hawajui sababu.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba maziwa yale yaliisha yote. Hakuna kijiko kilichotupwa. Kwa msemo wangu mwenyewe, basi, mkebe ule haukuwa ghali. Baba yako aligundua hilo kabla yangu na hulitumia kila akitaka kunyamazisha mazungumzo. Lakini hapana, siukubali ushindi huo. Maziwa ni yale yale, uzito ni ule ule, na yeye alilipa zaidi kwa sababu ya karatasi nyekundu. Ingawa... ni kweli pia kwamba mwezi ule hakuna aliyeuliza kama maziwa yamebaki. Kabati lililojaa lina utulivu wake. Hilo siwezi kuliandika nyuma ya risiti.

Kwa hiyo usiuamini ukubwa wa pakiti, wala usiudharau. Gawanya bei kwa uzito. Maduka mengine huandika bei ya kilo kwa maandishi madogo chini ya bei kubwa. Anza kusoma hapo. Na uzito usome kila mara, hata wa kitu ulichozoea, maana watengenezaji hupunguza gramu, wakaacha bei na sura ya pakiti vilevile, na mkono wako haushtuki.

Kuhusu toroli, kaka yako anasema lilibuniwa mwaka 1937 na mwenye maduka mmoja wa Oklahoma, Marekani, Sylvan Goldman, alipoona wateja wanaacha kununua kikapu kikiwa kizito. Hivyo beba kikapu. Mkono ukichoka, umenunua vya kutosha. Baba yako anasema huo ni ukatili.

Orodha iandike ukiwa umefungua jokofu, si ukiwa kitandani. Cha zamani kisogeze mbele, kipya kikae nyuma. Na usichanganye tarehe mbili: ya mwisho wa matumizi, kwenye nyama na samaki wabichi, ni ya usalama, usiichezee, ile ya "bora kabla ya" inahusu ladha, na pasta kavu iliyotunzwa vizuri haigeuki sumu usiku huo. Nyumba ngapi zinatupa chakula kizima kwa kuogopa namba!

Mkupuo au kila siku? Mchele, unga, mafuta na sabuni havikimbii, vinunue mara moja. Majani mabichi, kidogo kidogo. Lakini ukipita dukani kila siku, kila siku utatoka na kitu ambacho hukukifuata. Hapo mkwe wangu ana hoja. Na akijaza jokofu hadi lisionekane mwisho wake, hoja yake inaozea humo humo. Hapo mwenye hoja ni wewe. Nimejiapiza siamui kati ya mke na mume, na sitaamua, japo kalamu inawasha.

Nitumie tu picha ya risiti ya wiki hii. Sitasema neno. Hakikisha uzito unaonekana.

Mama yako