Kaya ina chakula, mtoto ana upungufu wa damu: je, dodoso limekosea?

Swali: Tumemaliza kukusanya takwimu vijijini kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 59. Uhakika wa chakula katika kaya tuliupima kwa dodoso la HFIAS lenye maswali 9, na wekundu wa damu kwa tone la kidoleni. Watoto wengi wenye upungufu wa damu wametoka katika kaya zilizoonekana kuwa na uhakika wa chakula, na uhusiano wa mambo haya mawili umekuwa dhaifu. Je, dodoso lina kasoro?

Jibu: Sidhani. Dodoso hilo humuuliza mtu mzima, kuhusu wiki 4 zilizopita, iwapo kaya ilikuwa na hofu ya kuishiwa chakula, iwapo ililazimika kula vyakula vya aina chache, na iwapo yupo aliyelala njaa. Hakuna swali linalouliza mtoto wa miezi 9 aliwekewa nini bakulini. Kaya yenye ghala la nafaka itajibu, tena kwa ukweli mtupu, kwamba haijapata shida, huku mtoto akinyweshwa uji mwepesi wa nafaka hiyo hiyo asubuhi na jioni.

Mtoto wa miezi 7 hadi 12 hushauriwa kupata takriban miligramu 11 za madini ya chuma kwa siku, ilhali tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba mililita 240 hivi kwa mlo mmoja. Uji mtupu hauwezi kujaza pengo hilo, kwa kuwa chuma chake ni kidogo na sehemu kubwa hushikwa na faiteti, yaani viambata vya asili vilivyomo katika nafaka, kisifyonzwe mwilini. Hata pale ambapo sufuria ina maharage au nyama, mara nyingi mtoto huchotewa mchuzi wa juu kwa sababu mlezi anaogopa atapaliwa, na chuma chenyewe hubaki chini na vipande, ambavyo vingepondwa tu vingemfaa.

Jambo la pili ni muda. Chembe nyekundu za damu huishi siku zinazokaribia 120, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto, ambayo huwa ndogo zaidi kwa aliyezaliwa na uzito pungufu, huanza kuisha kati ya miezi 4 na 6. Ikiwa mlikwenda vijijini mara tu baada ya mavuno, dodoso lilinasa wiki 4 za shibe wakati damu ya mtoto ilikuwa bado inasimulia miezi ya uhaba. Binafsi ningeanza kwa kuangalia tarehe za mahojiano kabla ya kugusa takwimu nyingine yoyote.

Tena, si kila upungufu wa damu unatokana na chakula. Malaria, minyoo ya safura na selimundu hushusha wekundu wa damu hata kwa mtoto anayekula vizuri. Kama mlihifadhi sampuli, pimeni feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini: chini ya mikrogramu 12 kwa lita, akiba ya chuma imekwisha, lakini kwa mtoto mwenye maambukizi feritini hupanda, hivyo kiwango kinachotumika ni 30.

Katika uchambuzi, watenganisheni watoto wa miezi 6 hadi 23 na wakubwa wao, kwa kuwa mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 umeweka mpaka wa upungufu wa damu kuwa wekundu wa gramu 105 kwa lita kwa kundi hilo na 110 kwa wa miezi 24 hadi 59; na kama vijiji viko nyanda za juu, rekebisheni kwanza vipimo vya wekundu wa damu kulingana na mwinuko. Ongezeni taarifa za alichokula mtoto mwenyewe saa 24 zilizopita, mkihesabu kama alifikia makundi 5 ya vyakula kati ya 8, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo. Ila msiuingize mlo huo katika modeli ya kitakwimu inayotafuta athari yote ya kukosa uhakika wa chakula, kwa sababu mlo ndiyo njia ambayo athari hiyo hupitia, na mkiudhibiti mtakuwa mmeifuta kwa mikono yenu.

Mtoto yeyote mliyemkuta na wekundu wa damu chini ya gramu 70 kwa lita hana nafasi ya kungoja uchambuzi: hakikisheni leo kwamba alifikishwa kituo cha afya.