Kumpokea Ndugu Aliyenusurika Tetemeko la Ardhi

Tetemeko kubwa la ardhi likitokea popote duniani, tunatangaziwa ukubwa wake, idadi ya waliokufa, ya waliojeruhiwa na ya nyumba zilizoanguka, na baada ya wiki mbili hivi hesabu inafungwa. Inafungwa mapema mno. Japani, ambako wananchi wamezoea matetemeko na kumbukumbu huwekwa kwa uangalifu, serikali huhesabu pia watu wanaokufa baadaye kwa sababu ya janga lenyewe. Katika tetemeko la Kumamoto la Aprili 2016, waliouawa papo hapo walikuwa 50, ilhali waliokufa baadaye kwa uchovu, kwa maradhi yaliyozidishwa na maisha ya kuhamahama na kwa damu iliyoganda mwilini baada ya kulala ndani ya magari walizidi 200. Kipindi hicho cha baadaye ndicho ninachokiandikia. Kwetu sisi mara nyingi hakipiti kambini wala hospitalini, bali hupita nyumbani kwa ndugu, na sisi ndugu tunakuwa wahudumu bila ya kufundishwa na mtu.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkaazi wa Ngamiani, Tanga. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mwalimu Bukoba tetemeko lilipopiga siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, kiasi cha saa tisa na nusu alasiri, watu wakijiandaa kwa Idi ya kuchinja. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kipimo ambacho katika nchi zenye majengo imara mara nyingi hakileti maafa makubwa, lakini nyumba nyingi za Kagera zilikuwa za matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege, nazo ziliporomoka. Walifariki watu zaidi ya 15 na mamia wakajeruhiwa. Mama mzazi wa wifi yangu alikuwa miongoni mwa marehemu hao. Baada ya maziko mdogo wangu alimleta mkewe na watoto wao wawili kwangu, akarudi kazini, na wakakaa nami hadi shule zilipofunguliwa Januari.

Nianze na mahali pa kulala, maana hapo ndipo ukarimu wetu unapogongana na hali ya mgeni. Mila yetu ni kumpa mgeni chumba cha ndani, chenye kitanda kizuri na chandarua kipya. Wifi alikitazama chumba, akashukuru kwa adabu, kisha akaomba mkeka alale uani na wanawe. Mpe mkeka. Mwachie taa ikiwaka, mlango usifungwe kwa komeo zito, na ukiona watoto wamelala na viatu usiwavue. Hofu hiyo ina sababu zake, kwani tetemeko kubwa hufuatwa na mengine, na yanayofuata nayo huua. Nepal ilipigwa na tetemeko la 7.8 tarehe 25 Aprili 2015, na tarehe 12 Mei, watu wengine wakiwa wamesharudi ndani, likapiga jingine la 7.3 lililoua zaidi ya watu 200. Mwili wa aliyenusurika unalijua jambo hilo hata kama yeye hawezi kulieleza, na kumwambia kwamba Tanga hakuna matetemeko hakumsaidii. Wala si kweli. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la 6.0 lililotokea chini ya bahari, upande wa kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, lilisikika hadi huku kwetu, na baadhi ya majirani waliokuwa wamemshangaa wifi nikawaona wamebeba mikeka yao kwenda uani.

Watoto wana mambo yao. Nyumba yangu iko kando ya barabara wanayopita malori ya saruji kutoka Pongwe, na lori lililoshiba likipita, vikombe hulia kabatini. Mara ya kwanza yule mdogo alikimbilia barabarani, mbele ya lori lenyewe. Tukakubaliana naye, kwa kurudia kila siku, kwamba akisikia kitu anakimbilia kwenye mwembe wa uani, si mlango wa mbele, na mimi nikajizoeza kumwambia kabla, “Linakuja lori, mwanangu, umelisikia?” Dada yake yeye alikuwa akihesabu nyufa za ukuta kimyakimya, jambo nililoligundua nilipokuta alama za penseli. Maneno yangu hayakumtuliza. Nikamwita fundi mwashi wa mtaani, akampitisha nyumba nzima akimwonyesha kwa kucha tofauti ya ufa wa lipu na ufa wa ukuta wenyewe, na wakaupata mmoja ambao kweli ulihitaji kuzibwa. Ukaguzi huo ulimfaa kuliko dua zote nilizomsomea, nami ninaposema hivyo sizidharau dua.

Kuhusu mwili, usisubiri mgeni alalamike. Aliyepoteza mzazi huona haya kusema kwamba ana kidonda mguuni. Mwombe akuonyeshe. Kila mkwaruzo uliopatikana kwenye kifusi ni sababu ya kwenda kuchoma sindano ya pepopunda, kwa sababu ugonjwa huo hujitokeza siku kadhaa au hata wiki baada ya jeraha, wakati kila mtu ameshaona kwamba hatari imepita. Kule Aceh, Indonesia, baada ya tetemeko na mawimbi ya Desemba 2004, waliougua pepopunda walizidi 100. Kama mtu alibanwa na ukuta kwa saa kadhaa, muulize kuhusu mkojo wake bila ya kuona aibu. Msuli uliopondwa humwaga ndani ya damu vitu vinavyoharibu figo na kuvuruga mapigo ya moyo, na ndiyo sababu mtu huweza kufukuliwa akizungumza, akaomba maji, kisha akafa hospitalini. Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 1988 mamia ya waliookolewa walipata kushindwa kwa figo kwa njia hiyo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au mkojo kidogo mno, au mguu unaovimba na kuuma upande mmoja, hasa kwa mtu aliyekaa kwenye basi kutoka Bukoba hadi Tanga, usiutibu kwa mafuta ya karafuu. Ni safari ya Bombo, hospitali yetu ya mkoa, na iwe siku hiyo hiyo.

Wageni wa kutoa pole ni neema, na pia ni mzigo. Kila aliyeingia alikaa, akapokea kahawa, akasema, “Pole sana, mwanangu. Hebu tuhadithie, ilikuwaje?” Wifi, ambaye kwao amelelewa kuwaheshimu wakubwa, aliwahadithia. Usiku hakulala. Kwa miaka mingi palikuwa na imani hata miongoni mwa wataalamu kwamba aliyepatwa na msiba mkubwa ahimizwe kusimulia kila kitu mara moja ili atue mzigo, lakini Shirika la Afya Duniani sasa linashauri asilazimishwe kusimulia. Asikilizwe anapotaka mwenyewe, na apatiwe kwanza usalama, chakula na habari za watu wake. Kwa hiyo nilijiweka kando yake, na mgeni alipouliza nilijibu mimi, “Ahsante, Bi, habari tulizipata sote redioni, leo tumekuja kukaa naye tu.” Wengi walielewa. Mmoja alinuna, na namstahi hata leo, lakini hakuna njia nyingine.

Chunga pia maneno ya faraja. “Shukuru Mungu wewe umepona” ni neno zito kwa mtu aliyemzika mama yake, kwani ndilo swali lenyewe linalomkesha: kwa nini yeye na si mama. Baya zaidi ni kusema kwamba nchi hutikiswa kwa ajili ya dhambi za watu wake. Shehe wetu wa mtaani alipokuja alitaja jambo moja tu, kwamba katika hadithi ya Mtume aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo amehesabiwa miongoni mwa mashahidi, kisha akanyamaza na kunywa kahawa yake. Sijaona faraja fupi iliyofanya kazi zaidi ya ile.

Habari za waliopotea ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, saa ile ile ambayo wengine huku kwetu walikuwa wameamka kungoja adhana, Uturuki na Syria zilipigwa na tetemeko la 7.8, na mchana wake na jingine la 7.5, kwa upande wa Uturuki pekee walifariki zaidi ya watu 53,000. Wapenzi wa kandanda wanakumbuka habari za Christian Atsu, Mghana aliyewahi kuichezea Newcastle. Siku iliyofuata ilitangazwa kwamba ameokolewa akiwa hai, dunia ikafurahi, kisha ikabainika kwamba hajaonekana, na mwili wake ukatolewa kwenye kifusi cha jengo alilokuwa akiishi huko Antakya tarehe 18 Februari. Ikiwa habari za mtu maarufu zinaweza kukosewa hivyo, za mpwa wako asiyejulikana zitakosewaje? Nashauri familia imteue mtu mmoja, asiye na papara, ndiye awe mwenye kupokea na kutoa habari, na asitoe lolote kwenye kundi la WhatsApp mpaka liwe limetoka kwa mtu aliyemwona mhusika kwa macho, au aliyesikia sauti yake. Andikeni jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, mavazi yake, kovu, meno, na tarehe ya simu ya mwisho. Hayo ndiyo yanayoulizwa na wanaotambua maiti, na hayakumbukiki vizuri baada ya kulia siku tatu.

Wifi alimzika mama yake kwenye kibanja chao, na analijua kaburi. Haiti, baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, maelfu ya miili ilipelekwa kwa malori hadi Titanyen, nje ya Port-au-Prince, ikafukiwa kwa pamoja bila ya kutambuliwa, kwa sehemu kwa hofu ya magonjwa ya mlipuko, ingawa maiti za watu waliokufa kwa majeraha si chanzo cha kawaida cha magonjwa hayo. Aliyemkosa mtu wake kwa namna hiyo hukaa miaka akitazama nyuso njiani. Ukimpata mgeni wa aina hii, usimharakishe kufanya hitima. Mwache aseme yeye lini, na kwa mke ambaye mumewe hajaonekana mpeleke kwa kadhi au kwa kiongozi wa dini yake mapema, kwa sababu mambo ya eda, mirathi na ndoa yatamfuata muda mrefu.

Michango nitaipitia kwa kifupi. Fedha taslimu, akabidhiwe mwenyewe, faraghani. Nguo kuukuu tunazozitoa makabatini siku hizo humlazimisha mtu ashukuru kwa kitu asichokihitaji. Kilichomsumbua wifi zaidi ya nguo kilikuwa vyeti: vya kuzaliwa watoto, cha ndoa, kadi za kliniki, vyote vilikuwa chini ya kifusi, na mtoto asiye na karatasi huzungushwa kila ofisi. Kumsindikiza mtu ofisini asubuhi nzima, ukiwa umebeba chupa ya maji na kalamu, ni mchango unaosahaulika.

Halafu atataka kurudi. Mjini kwetu wengi walimwambia abaki, kwamba Bukoba pameshaharibika, na walisema kwa mapenzi. Mimi sikumzuia, kwa kuwa niliona anavyopata nguvu kila anapozungumza na mdogo wangu kwenye simu juu ya matofali na bati. Fedha za ndugu zilizokusanywa kwa ajili ya karamu ya kuwaaga tuliziingiza kwenye nondo na saruji, kwa sharti moja lililotolewa na yule fundi wa Ngamiani, ambaye alimwandikia fundi mwenzake wa Bukoba karatasi nzima: mkanda wa zege uzunguke nyumba yote juu ya madirisha, nguzo za pembeni zifungwe nao, na paa liwe jepesi. Binti ndiye aliyeibeba ile karatasi, ndani ya daftari lake la hesabu, akidai kwamba baba yake angeipoteza.