Mbona minara ya Nation imelala upande?

SWALI: Shikamoo Anko Ramani. Nauza magazeti hapa stendi ya Moshi, na nikishamaliza kuuza huwa nachezea ramani kwenye simu. Nimetafuta Nation Centre, jengo la gazeti la Nation la Nairobi, upande wa satelaiti, nikaona ile minara miwili ya mviringo imelala kama inataka kudondoka, na magari ya Kimathi Street hayasogei hata uyakodolee macho. Nikahamia Tabata Relini, Dar, kwa gazeti la Mwananchi. Naona mapaa tu, hakuna pilika. Hii ni picha ya leo kweli? Na bila lile jina lililobandikwa juu, ningejuaje kuwa hapa ni kwa watu wa magazeti?
Muuza magazeti, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Minara iko wima, usiwatie watu wa Kimathi presha. Satelaiti mara nyingi haipigi picha ikiwa juu kabisa ya utosi wa jengo, hupiga ikiwa imeinama kidogo. Kwa hiyo jengo refu huonekana limelalia upande wa pili. Ukiona ukuta wake wa mashariki, ujue satelaiti ilikuwa upande wa mashariki, na kichwa cha jengo kimesukumwa magharibi. Nyumba ya chini haionyeshi sana mlalo huo, ndiyo maana Tabata hukuuona.

Magari hayasogei kwa sababu hiyo ni picha ya mnato. Nina jamaa zangu wasomi kabisa wanaoamini satelaiti ni kamera ya ulinzi, ukikaa barazani inakuona unakunywa chai. Chukua satelaiti ya WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014: nukta moja ya picha yake ni kama sentimita 31 za ardhi. Gazeti ulilolifungua mikononi hapo stendi lingekuwa nukta mbili tatu za kijivu. Lori utaliona vizuri, wewe muuzaji hutaonekana.

Kuhusu tarehe, ule mwaka ulioandikwa pembeni ya Google Maps ni wa hakimiliki, si wa picha. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, utakuta tarehe ya picha chini ya dirisha, na kuna alama ya saa ya kukurudisha kwenye picha za zamani. Ukiwa na simu tu, soma vivuli. Satelaiti nyingi za namna hii hupita kwetu katikati ya asubuhi, jua likiwa bado mashariki, hivyo vivuli huangukia magharibi. Kwa Nairobi na Dar, kivuli kikienda kaskazini-magharibi, picha ni ya miezi iliyo karibu na Desemba. Kikienda kusini-magharibi, ni karibu na Juni. Mwaka hutaupata, lakini msimu unao.

Sasa hiyo saa ya satelaiti ndiyo inayokunyima pilika. Nimefanya zamu za usiku kwenye kupanga kurasa, najua nyumba ya gazeti ina uhai saa ngapi. Kurasa hufungwa usiku, mtambo wa kuchapa unanguruma watu wamelala, na kabla ya alfajiri magari yamekwishatoka na mabunda yako. Satelaiti inapopita saa nne na nusu asubuhi, wewe Moshi umeshauza nusu ya mzigo, na uwanja wa mtambo ni mlinzi na gari mbovu moja. Ukiona uwanja mtupu usidhani gazeti limekufa.

Kwa hiyo, ukitaka kulijua gazeti kutoka juu, achana na mnara. Nation Centre kwa juu ni duara mbili nzuri za kupigia picha, lakini ungeambiwa ni benki ungekubali. Tafuta mtambo. Wa Nation uko Mombasa Road, nje ya katikati ya jiji, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Ukifika maeneo kama hayo angalia paa refu la bati lisilokatika, maana mtambo wa gazeti ni mrefu na hautaki nguzo katikati. Pembeni yake pawe na uwanja mpana wa kugeuzia malori, kwa sababu karatasi huja zimeviringishwa, bunda moja likipita kilo mia kadhaa, na haliingii kwa mlango wa mapokezi. Kiwanda cha biskuti nacho kinaweza kufanana hivyo, sikatai. Hapo ndipo jina lililobandikwa linasaidia, ingawa watumiaji ndio wanaobandika mengi ya majina hayo, na ofisi ikihama jina hubaki.

Ukiizoea ile alama ya saa, nenda Chicago. Tafuta Trump Tower kando ya mto, kisha rudi kabla ya mwaka 2004: utakuta jengo fupi pana, hilo ndilo lilikuwa la Chicago Sun-Times. Halafu fuata tawi la kaskazini la mto huo hadi ulipokuwa mtambo wa Chicago Tribune, ulioitwa Freedom Center. Uchapaji ulikoma pale 2024 na jengo likabomolewa kupisha kasino. Kwenye picha za nyuma utaona paa kubwa ajabu. Picha za Marekani ni kali kuliko zetu kwa sababu nyingi za karibu hupigwa na ndege, si satelaiti.

SWALI: Anko, naweza kuiweka picha ya satelaiti kwenye kalenda ya ofisi yetu?
Katibu muhtasi, Dodoma

JIBU: Kwa kalenda chukua OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Inaruhusiwa hata kwa biashara, mradi uandike pembeni kuwa imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap. Lakini hiyo ni ramani ya kuchorwa, si picha. Ukitaka picha ya satelaiti, soma kwanza masharti ya mwenye nayo, na usikate yale majina madogo ya wenye picha yaliyo chini. Mpiga chapa wako atakuambia yanaharibu urembo. Mwambie ayaache.