Wewe unayetaka kumlipa mwalimu wa kinanda miezi sita kwa mkupuo, subiri kwanza

USIMPE HIYO HELA. Nimesoma posti yako mpaka pale uliposema mwalimu kakuahidi ukilipa miezi sita yote atakupunguzia, na atamfunza mtoto "muziki na nidhamu", nikaishiwa nguvu. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, hapahapa Tanga, nikatoa laki nne taslimu, hela ya mchezo hiyo.

Aliyeniletea yule bwana ni shemeji yangu, eti fundi huyo, harusi zote za mjini anapiga yeye. Shemeji kama upo humu ujue sijasamehe. Kupiga harusini na kumfundisha mtoto wapi na wapi. Waja leo waondoka leo, ila yeye kaondoka na laki nne.

Miezi mitatu mtoto anapiga nyimbo nne safi kabisa, natamba, narusha video status. Siku hiyo kanisani wakamkalisha kwenye ile piano kuukuu ya mbao, mwimbishaji akaanza juu kidogo, mtoto namwona anapapasa pembeni anatafuta kitufe. Piano ya mbao ina kitufe gani? Kumbe alifunzwa kila kitu kwenye skeli ya C tu (ngazi ya noti inayoanzia C), wimbo ukipanda anabonyeza transpozi, kile kitufe cha kinanda cha umeme, sauti inapanda yenyewe vidole vikibaki palepale. Na vidole anatumia viwili, hajui hata kupitisha gumba chini kwenye skeli, ile 1 2 3 halafu gumba tena unamalizia mpaka 5, kitu cha wiki za mwanzo kabisa. Kodi (zile chord, noti kadhaa kwa pamoja) hakumfunza, kodi pekee aliyoijua yule bwana ni ya nyumba yake, na mlipaji nilikuwa mimi hahaha.

Ila sio hilo lililoniuma. Kila nikirudi kazini namuuliza mwanangu, mwalimu kaja saa ngapi? "Saa kumi mama." Kila siku saa kumi. Mpaka dada wa kachori pale kona akaniambia, mbona mwalimu wenu anashuka bajaji saa kumi na moja kasoro, nusu saa kashatoka, na simu sikioni. Nikamuuliza tena, akainama anachokonoa kitambaa cha kochi. "Alisema nikikwambia hatanipa tena soda." Miaka tisa huyo. Nidhamu niliyoilipia ndo hiyo.

Sasa hivi yupo kwa mzee mmoja Ngamiani, wa taarabu za zamani (mji wa vile vikundi vya taarabu Black Star na Lucky Star huu jamani, wajuzi hawajaisha). Elfu kumi, namlipa somo likiisha, na mimi nipo palepale mkekani nachambua mchicha. Wiki mbili za kwanza mtoto hakugusa kinanda, ni kusikiliza na kupiga makofi kwa mdundo, akikosea anaambiwa "rudi" basi. Siku mzee alichelewa dakika kumi alimwomba radhi mtoto, sio mimi.

Kwa hiyo KAA NDANI YA SOMO, LIPA LIKIISHA. Asiyetaka mzazi akae, mwonyeshe mlango. Kinanda ulichouliza, funguo 61 zinatosha kuanzia, ziwe za saizi ya kawaida tu, sio zile nyembamba za kitoto. Umri na sijui gitaa au kinanda, uliuliza na nini tena, wengine watakujibu nipo kwenye daladala. Jumamosi huyo mwalimu wako akija mwambie azime transpozi apige wimbo mmoja kwenye skeli ya G, F shapu, ile nyeusi ambayo skeli ya C haina, iguswe tuione, halafu urudi utuambie alitoa sababu gani.