Kuhusu mvuke wa Menengai na roho za mashujaa

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kwamba Menengai, ile kreta au shimo kubwa la volkeno lililo juu ya mji wa Nakuru nchini Kenya, ni kaburi la wapiganaji wa Kimaasai, na kwamba moshi unaoonekana ukitoka humo ni roho zao.

Simulizi ninayoijua inasema kwamba katika karne ya 19 Wamaasai wa Ilpurko waliwashinda ndugu zao wa Ilaikipiak pale juu ya Nakuru, wakawasukuma wengi wao kutoka ukingoni hadi ndani ya kreta, na roho za walioanguka, kwa kukosa njia ya kutoka, zikabaki humo zikipumua. Jina lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni mahali pa maiti. Vita baina ya makundi hayo mawili ni historia, wala si ngano.

Mvuke una asili yake: maji yanayopenya ardhini hukutana na miamba yenye joto kali, ndiyo maana tangu 2011 visima vya jotoardhi vimekuwa vikichimbwa humo. Nimewahi kuchutama asubuhi ya baridi kando ya ufa mmoja katikati ya mawe meusi yang'aayo kama chupa iliyovunjika, nikaweka kiganja juu yake. Joto lilipanda kwa vipindi, likatulia, likapanda tena, nikaelewa kabisa kwa nini wazee walisema kuna anayepumua.

Ukienda, nakusihi usiandike majina kwenye miamba, kwa kuwa hao waliolala humo hawana jiwe lingine la kaburi.