Daktari wa Wanyama Anajibu: panadol kwa paka, mbwa anayenguruma na jeraha "dogo"

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka tisa ameumwa mkononi na mbwa wa jirani mwenye umri wa kama miezi minne. Damu ilitoka kidogo tu. Jirani anasema mbwa mdogo hivyo hawezi kuwa na kichaa, na hakumchanja kwa kuwa hatoki nje ya geti. Tumempaka mtoto mafuta ya taa na kitunguu saumu. Inatosha? — Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba. Haitoshi. Mpeleke mtoto bombani sasa hivi, hata kama siku mbili zimepita, umwoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, maana dakika 15 za kukisia huishia kuwa tatu. Sabuni ndiyo yenye kazi hapa: kirusi cha kichaa cha mbwa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Ukimaliza, paka ayodini au spiriti. Mafuta ya taa, kitunguu, pilipili, majivu, vyote huchubua nyama na havifanyi kazi ya sabuni. Jeraha lisifungwe kwa kubana, na lisishonwe kabla daktari hajaliona.

Kutoka bombani, hospitali, leo hii. Sindano ya kwanza ya chanjo hupigwa siku hiyo hiyo, nyingine siku ya 3 na ya 7. Kulingana na ratiba ya hospitali, inaweza kuongezwa ya siku ya 14 au ya 28. Kwa kuwa ngozi imechanika na damu imetoka, uliza pia kuhusu kingamwili zinazochomwa kwenye jeraha lenyewe. Usikubali kuambiwa "tusubiri tuone". Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba, na zinaweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza. Mtoto kuwa mzima leo si ushahidi wa lolote.

Tuje kwa jirani. Umri haumkingi mbwa. Miezi minne inatosha kabisa kuambukizwa na kuanza kuugua, na geti halizuii paka, kicheche au mbwa mwingine anayepita chini ya uzio usiku. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kama cheti kinavyosema.

Mbwa huyo asiuawe. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe kwa siku 10. Idadi hiyo ina sababu: kirusi hufika kwenye mate siku chache tu kabla ya ugonjwa kuonekana. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, mate yake hayakuwa na kirusi siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa au akitoroka, waambie hospitali na ofisa mifugo wa kata. Mbwa aliyekufa asizikwe kwanza, kwani kipimo hufanywa kwenye ubongo. Ndiyo maana wanaompiga mbwa rungu la kichwa huharibu ushahidi wenyewe.

Watu wengi wanamsubiri mbwa anayekimbia huku anatoa povu. Wapo wa hivyo, lakini wapo pia wanaojificha chini ya kitanda, wanaopoteza sauti, wanaotafuna mawe na vijiti, na wale ambao taya la chini linalegea na mate yanachuruzika. Huyu wa mwisho ni hatari ya pekee, kwa sababu mwenye mbwa hudhani amekwama mfupa kooni na kuingiza mkono mdomoni. Mbwa anayeshindwa kumeza usimguse mdomo. Mfungie, piga simu.

SWALI: Paka wangu dume, kilo nne hivi, alikuwa na homa na hataki kula. Nilimpa nusu kidonge cha panadol jana usiku. Leo uso umevimba na anahema kwa shida. Nimpe nusu nyingine? — Msomaji, Temeke

JIBU: Hapana, usimpe hata chembe. Mpeleke kliniki sasa, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi na saa uliyompa umeikumbuka.

Nusu kidonge ni miligramu 250. Kwa paka wa kilo nne hizo ni zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo, wakati paka wameshaonyesha sumu kwa 10 tu kwa kilo. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli kama letu. Mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Mfunue mdomo utazame fizi: badala ya waridi zitakuwa za rangi ya matope au zambarau. Uso na miguu huvimba, mkojo huwa wa kahawia. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, ile ile wanayopewa watu waliomeza parasetamoli nyingi. Kliniki ya wanyama ikiwa haina, daktari anaweza kuitafuta katika duka la dawa za binadamu, mkumbushe.

Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziweke mbali. Hizo huua figo za paka na kutoboa tumbo la mbwa. Paka asiyekula siku mbili apelekwe kwa daktari, hasa akiwa mnene, kwa sababu mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza.

SWALI: Naogesha mbwa wangu wawili kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, napima kwa kifuniko cha chupa. Kupe wanarudi kila baada ya wiki mbili. Juzi nikamwogesha na paka kwa dawa hiyo hiyo, sasa anatetemeka. — Mfugaji, Arusha

JIBU: Tuanze na paka. Inaelekea dawa yako ni jamii ya saipamethrini au pamethrini, ambazo mbwa huzistahimili na paka hawazistahimili hata kidogo. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usimwoshe kwa maji ya moto kwani joto hufungua mishipa ya ngozi. Mkaushe, mfunge taulo, mweke penye giza na utulivu wakati mnaelekea kliniki. Maziwa hayamsaidii. Kutetemeka huko kunaweza kuendelea siku mbili tatu, na bila dawa ya kutuliza misuli joto la mwili hupanda hadi likamuua.

Kuhusu mbwa, tupa kifuniko. Nunua bomba la sindano. Dawa nyingine ya kupe, amitrazi ya asilimia 12.5, huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 20 kwa ndoo ya lita 10. Ichanganye siku ya kuitumia, vaa glavu, mpake kwa sponji mwili mzima pamoja na masikio kwa nje na katikati ya vidole, kisha usimsuuze. Akauke kivulini, asijilambe hadi akauke. Usiitumie kwa watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu wala kwa mbwa mwenye kisukari, na mtu mwenye kisukari asiishike. Dawa nyingine zina vipimo vingine, soma lebo. Kama lebo imetoka, usiitumie.

Na kwa nini wanarudi? Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia huishi ndani ya banda na nyumba kuliko juu ya mbwa. Jike akishashiba damu hudondoka, hupanda ukutani, hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Unaogesha mbwa, unaacha kiwanda. Choma majani na magunia anayolalia, ziba nyufa kwa saruji, nyunyizia dawa kuta na sakafu ya banda mbwa wakiwa nje, rudia baada ya wiki mbili. Mbwa akiacha kula, fizi zikapauka au mkojo ukawa wa kahawia, kupe ameshamwachia ugonjwa wa damu na kuogesha hakutasaidia; anahitaji kupimwa.

SWALI: Mbwa wetu wa miaka mitatu amezoea watoto, lakini mwezi huu anamngurumia kijana wangu wa miaka sita akipita karibu na sahani yake. Mume wangu anampiga kila akinguruma na siku hizi amekaa kimya. Amejifunza? — Mama, Nakuru

JIBU: Amejifunza kunyamaza tu. Woga wake upo pale pale, ila kengele imezimwa, na mbwa wa aina hiyo ndiye watu husema "aliuma ghafla". Mngurumo ni mojawapo ya maonyo ya mwisho katika mlolongo mrefu: huganda mwili, hugeuza kichwa, hulamba midomo ilhali hana chakula, hupiga mwayo, huonyesha weupe wa jicho. Mkia unaotikisika haumaanishi furaha kila mara. Ukiwa juu na mkakamavu, mwache.

Kwanza mpeleke akapimwe. Mbwa mpole anayebadilika ndani ya mwezi mmoja mara nyingi ana maumivu: jino limeoza, sikio lina usaha, kiuno kinauma. Pia muulize daktari kuhusu chanjo yake ya kichaa, maana mabadiliko ya tabia kwa mbwa asiyechanjwa si ya kupuuzwa.

Akionekana mzima, mlishe peke yake nyuma ya mlango au ndani ya banda lililofungwa, saa zile zile kila siku. Mazoezi afanye mtu mzima, kamwe si mtoto. Simama mita tatu kutoka kwenye sahani, rusha kipande cha nyama kitamu kuliko kilichomo, ondoka. Rudia kila mlo mpaka umwone anakuinulia kichwa kwa hamu mara tu ukitokea. Ndipo usogee nusu mita. Akiganda au akila kwa pupa, umesogea haraka mno, rudi nyuma. Kazi hii huchukua wiki kadhaa. Kumnyang'anya sahani "ili ajue nani bosi" humthibitishia kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli.

Mtoto naye afundishwe: mbwa anayekula, anayelala, anayenyonyesha au aliyefungwa mnyororo haguswi. Mbwa wa mtaani akimkimbilia, asimame tuli kama mti, mikono mwilini, macho chini. Akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio.

SWALI: Mbwa akila sumu ya panya, ni kweli anywe maziwa au mafuta? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli. Mbwa anayetetemeka au aliyelegea akinyweshwa chochote, humwingia mapafuni. Na kama sumu ni vidonge vya kuhifadhia mahindi, chakula huongeza asidi tumboni na asidi hiyo hutoa gesi zaidi. Akitapika, simameni nje kwenye upepo, kwa kuwa gesi hiyo hudhuru na watu. Sumu inayozuia damu kuganda nayo hudanganya: mbwa hucheza kama kawaida siku tatu hadi tano, kisha huvuja damu ndani. Akitibiwa mapema kwa vitamini K1, kwa wiki tatu hadi nne bila kukatiza, wengi hupona. Kwa hiyo kliniki siku hiyo hiyo, na pakiti hata kama ni tupu. Hakuna pakiti? Chota matapishi kwa glavu, ukiwa nje, uyafunge kwenye mfuko.