Nyeusi pana kwenye ofseti: usikimbilie skrubu za wino

Jalada jeusi tupu lenye maneno meupe mawili matatu katikati, mteja huliona kazi rahisi, na wewe unayeanza kushika mashine utaliona hivyo hivyo. Kisha shiti za kwanza zinatoka: weusi umepauka, kuna vidoa, kuna michirizi. Karibu kila mgeni hapo hapo hufungua skrubu za wino, zile zinazoamua wino kiasi gani uende kwenye rola. Subiri. Wino ukishapita kiasi, weusi hauongezeki wa maana. Karatasi inachelewa kukauka na herufi nyeupe ndogo zinazibika.

Anza na faili, maana mara nyingi mashine inalaumiwa bure. Nyeusi asilimia 100 peke yake, kwenye eneo pana, huonekana nyembamba hata ikichapwa vizuri. Iwekee sayani (buluu) ya asilimia 40 hadi 50 chini yake, utaona tofauti. Wengine hutumia 60 sayani, 40 majenta, 40 njano na 100 nyeusi, jumla 240, na karatasi ya glosi, ile inayong'aa, inabeba hiyo bila shida. Dizaina aliyejaza rangi zote nne kwa 100 amekuletea 400. Irudishe kabla ya kutoa pleti, bati linalobeba sura ya kazi. Kwenye glosi wengi hawavuki 300 na ushee, kwenye karatasi ya gazeti ni karibu 240. Angalia pia kama boksi jeusi limekaa juu ya picha. InDesign, programu ya kupangia kurasa, isipobadilishwa, huchapa nyeusi ya asilimia 100 juu ya kilichopo bila kukikata, kwa hiyo ukingo wa picha utajichora ndani ya weusi, na hakuna rola utakayoirekebisha ikaufuta.

Faili likiwa safi, chukua shiti kadhaa zilizofuatana uzipange mezani. Kidoa chenye kiini cheusi na duara jeupe kukizunguka ni ganda la wino uliokauka, limeng'ang'ania pleti au blanketi, mpira unaopokea wino kutoka kwenye pleti na kuuweka kwenye karatasi. Kidoa cheupe kitupu, kisicho na kiini, mara nyingi ni nyuzi za karatasi. Vyote viwili hukaa palepale shiti baada ya shiti, halafu ukisafisha vinaondoka. Kisichoondoka baada ya kusafisha, shuku blanketi iliyobonyea au pleti yenye mkwaruzo. Kama ganda linarudi kila mara, tazama kopo: wino ulioachwa wazi usiku kucha hufanya utando, na anayeukoroga ndani badala ya kuutoa anajitafutia kazi ya siku nzima.

Maji, yale yanayolowesha pleti ili wino usishike sehemu tupu, yanahitaji subira zaidi. Yakizidi yanaingia ndani ya wino, weusi unafifia na kujaa vitundu vyeupe vidogo mno, na ukiongeza wino bila kupunguza maji mnaanza kufukuzana. Punguza maji kidogo kidogo mpaka kingo za pleti zianze kuchafuka, kisha rudisha kidogo tu. Pima pia pH, yaani uchachu wa maji hayo. Kwa kawaida iwe kati ya 4.8 na 5.5. Kwenye joto la Dar es Salaam spiriti ya kwenye maji huvukiza haraka, kwa hiyo kipimo cha asubuhi usikiamini saa nane mchana.

Kuna kasoro moja inayowachanganya hata wenye miaka kazini. Fremu nyeusi ina dirisha jeupe katikati, na weusi ulio sambamba na dirisha hilo una kivuli chake, kimekolea au kimepauka kuliko jirani yake. Rola zimenyang'anywa wino sehemu moja na kuachiwa sehemu nyingine, na hazikuwahi kusawazisha. Ukisafisha haitoki. Geuza kazi nyuzi 90 kwenye shiti, au weka mstari mnene wa weusi kwenye sehemu itakayokatwa ili unywe wino uliobaki. Ndiyo sababu napenda kuuona mpangilio wa kurasa kabla ya pleti kutoka, ingawa ofisini wananiona msumbufu.

Ukihukumu weusi, kumbuka kwamba uliolowa hudanganya. Ukikauka hupungua mng'ao na kina, basi linganisha na sampuli iliyokauka. Kama bado haujatosha na mashine ina yuniti ya ziada, yaani kituo kingine cha kuchapia rangi, chapa nyeusi mara mbili nyembamba. Mara moja nene itakuletea wino unaohamia mgongoni mwa shiti ya juu yake.

Rundo liwe fupi, na usipeleke kwenye kisu mapema kwa sababu mteja anapiga simu. Poda ya kuzuia kugandana itumie kwa kipimo: kazi ikienda lamineshi, poda iliyozidi hubaki chini ya plastiki kama vumbi la fedha, na hakuna rangi inayoionyesha kama nyeusi. Mtu wa lamineshi aambiwe siku ileile unapoanza kuchapa.